Mvua ya Kwanza ni ya Ardhi

Shrrrr, halafu kimya kidogo, halafu tok, tok, tok ndani ya ndoo. Sauti hiyo niliijua kabla sijajua kusoma, na mpaka leo naweza kuitoa katikati ya makelele ya soko zima. Ni sauti ya kikombe kimoja cha maji kikikimbia ndani ya gata jipya. Baba amepanda ngazi, amemimina kikombe chake cha bati upande wa juu, amefumba macho, anasikiliza. Jua linawaka, wingu hakuna hata la kuazima, na mtu mzima mwenye kanzu yake ya Ijumaa yuko juu ya ngazi anasikiliza maji ya kikombe. Wageni waliokuwa wakipita walidhani ana walakini. Wenyeji wa Newala walinyamaza. Walijua fundi anasikiliza mvua ambayo bado haijafika.

Gata, kwa asiyelijua, ni ule mfereji wa bati unaofungwa ukingoni mwa paa ili upokee maji ya mvua. Pengine kwenu ni pambo la nyumba. Kwetu ni mto. Huku juu mito hatuna, udongo wetu ni mchanga mwekundu, unameza maji yote na hausemi umeyapeleka wapi. Kwa hiyo kila mwenye paa la bati huchimba kisima pembeni mwa nyumba, akakisiriba kwa saruji, akakifunika, na gata ndilo linalokijaza. Maji ya bomba yapo siku hizi, tunashukuru, lakini yana siku zake. Kisima chako ndicho unachokifungua bila kumuuliza mtu.

Baba yangu ni fundi wa hayo magata. Na kabla yake alikuwa baba yake.

Babu hakuwa mtu wa huku juu. Alizaliwa upande wa Masasi, karibu na Chiungutwa, kwenye familia ya Wayao waliouza chumvi, kanga na mafuta ya taa. Ndugu zake walipenda biashara ya mafuta, yeye akapenda madebe. Debe likiisha mafuta wenzake walilitupa uani, babu akaliokota, akalikata, akalikunja, kikatoka kitu: koroboi, faneli, kipimo cha karanga. Alipopata baiskeli akaanza kupandisha mlima kuja Newala, madebe yamefungwa nyuma yanagongana njia nzima, watoto wanamsikia kabla hawajamwona.

Bibi ndiye anayesimulia vizuri siku babu alipofika kwao Chilangala. Bibi akisimulia huwa anaacha kazi, hata kama ugali uko jikoni.

"Saa sita mchana," anasema. "Kijana jasho linamtiririka. Akaomba mesi, yaani maji. Nikacheka. Sisi tunasema medi. Nikajua huyu ametoka bondeni, kwao maji yanapita mlangoni kama kuku."

Wakati huo bibi alikuwa msichana, na asubuhi hiyo alikuwa ameshuka mtelemko tangu jogoo la kwanza na kuupanda tena na mtungi mmoja kichwani. Mtungi mmoja, nyumba nzima. Akampa mgeni nusu kikombe. Babu akanywa, likabaki funda moja chini. Wageni wa bondeni walikuwa na tabia ya kulimwaga hilo funda la mwisho, pwaa, kwenye mchanga. Babu akainama, akalimimina kwenye kigae cha kuku.

"Nikasema moyoni," bibi anamalizia, "huyu amelelewa."

Basi babu akaja kuposa. Huku kwetu ilikuwa mwanamume akioa anahamia kwa wakwe, na wakwe wanamtazama kwanza kama anafaa. Mama mkwe hakufurahi. Alisema, tumpe mtoto wetu muuza koroboi? Lakini nyumba ile ilikuwa imeezekwa bati jipya kwa fedha ya korosho, na mvua ilipokuja babu aliona wanawake wanapanga masufuria chini ya paa, wanakimbizana na matone. Hakusema neno. Alipasua madebe yake yote, akayanyoosha, akayaunganisha moja baada ya jingine, akayafunga chini ya paa kwa kamba za magome. Mvua iliyofuata mama mkwe akatoka mwenyewe kuangalia maajabu, akasimama chini ya kiungo cha tatu. Kiungo kikafumuka. Maji yote yakamshukia mwilini.

Sasa elewa, mkwe kwetu haangaliwi usoni. Mkwe unampisha njia. Huyu bwana amemwogesha mkwewe hadharani! Babu alikimbilia shambani, akajificha kwenye mikorosho mpaka jioni. Walipomtafuta wakamkuta amekaa na kipande cha bati, anajifunza upya kukunja kiungo. Mama mkwe akasema, anayejificha na kazi yake mkononi, mwacheni aoe.

Nimeisikia habari hiyo mara nyingi, na kila mara nilifurahi kwamba ukoo wetu ulianza kwa kosa. Ilikuja kunisaidia baadaye.

Baba alizaliwa palepale Chilangala, akajifunza kwa babu, kisha akafungua banda Newala mjini, kando ya njia ya kwenda sokoni. Banda lenyewe ni nguzo nne na paa. Ndani kuna kipande cha reli kilicholazwa juu ya gogo, hapo ndipo bati linapokunjwa. Nyundo ya mti, kwa sababu nyundo ya chuma inalitia bati makovu. Mkasi wa bati wenye mikono mirefu kama miguu ya mbuni. Na jiko la mkaa la kuchomea chuma cha kulehemu. Babu alikunja madebe, baba anakunja bati la dukani, lakini mkunjo ni uleule.

Kitu ambacho baba alikiongeza yeye ni kiwiko. Ni bomba fupi lililopinda, linakaa mwisho wa gata pale maji yanaposhukia. Baba alilitengeneza lizunguke. Ukiligeuza nje, maji yanamwagika uani. Ukiligeuza ndani, yanaingia kisimani. Utauliza nani atataka kumwaga maji kwenye nchi isiyo na maji. Swali zuri. Kiangazi chetu chote watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, unga wa njano unaokinga ugonjwa wa maua na majani, na upepo hauchagui, unaupeleka huo unga kwenye kila paa. Juu yake linakuja vumbi, yanakuja majani, na ndege nao wana mchango wao. Mvua ya kwanza ndiyo inayoosha hayo yote. Ndiyo maana wazee wanasema mvua ya kwanza ni ya ardhi. Unaiangalia inamwagika, moyo unauma, unaiacha.

Mimi nilikuwa mtoto wa ndoto. Nilitaka kuwa muuguzi kule hospitali ya Ndanda, nivae viatu vyeupe. Nikataka kuimba redioni. Nikataka kuendesha ndege, si kwa sababu ya kwenda mbali, bali nione mapaa ya Newala kwa juu yanavyong'aa, nihesabu ya kwetu. Shule ilinifikisha kidato cha pili, mtihani ukanikatalia. Nililia juma zima. Siku ya nane baba akaniita bandani, akanipa mkasi.

"Kata hapa, mstari ulionyooka."

"Baba, naona ukungu, nalia."

"Kata hivyohivyo. Ukinyooka mstari, machozi yatajikaukia."

Haukunyooka. Lakini nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, na mama akaacha kuniuliza nitafanya nini na maisha.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Mwaka juzi, mwisho wa kiangazi, baba alishikwa na homa na kazi ya jirani yetu ilikuwa haijaisha. Jirani huyo ni mama anayekaanga maandazi, mtu mwema, mdomo wake ndio una pilipili. Nilikwenda nikamalizia gata lake peke yangu. Baba aliniagiza kitu kimoja tu: kiwiko kiache kimetazama nje. Nikaacha. Siku ile jioni yakaanguka manyunyu, yakalowesha vumbi, yakakatika. Kesho yake wingu likatanda jeusi, zito, zuri. Mwenye nyumba yuko shambani. Nikawaza, mvua ya kwanza si ilikuwa jana? Hii ni ya pili. Nikajiona nimekuwa fundi mwenye akili, nikataka mama wa watu arudi akute kisima kinaimba. Nikakigeuza kiwiko ndani.

Manyunyu hayaoshi kitu. Manyunyu yanaibandika salfa kwenye bati kama uji. Mvua ya kesho yake ndiyo iliyoibandua, na yote nikaipeleka kisimani kwa mkono wangu.

Jirani alirudi, akaona maji, akanibariki mimi na kizazi changu. Alfajiri akakanda unga kwa maji hayo. Saa mbili wateja wanatema maandazi njiani. Mzee mmoja alisema anahisi amemung'unya kiberiti. Kisima chote kikabidi kikaushwe na kusuguliwa. Siku mbili baba, bado na homa yake, alishuka chini akachota, mimi juu nikavuta ndoo na kumwaga. Kumwaga maji Newala, mbele za watu! Kila aliyepita alisimama kama aliyekuta msiba.

Hapo ndipo nilipopata cheo changu. Fundi Salfa. Nikienda dukani, "Shikamoo Fundi Salfa!" na wanaonisalimu ni wakubwa kwangu. Jirani naye, kila akiniuzia maandazi, alikuwa anasema, "Haya ya leo ni salama, hujayagusa." Nilicheka nao. Kucheka ni rahisi. Lakini bandani nilikuwa nakata vipande tu, kupanda ngazi sikutaka.

Baba hakunigombeza hata mara moja. Tulipomaliza kusugua kisima alikaa ukingoni, akafikicha macho, akasema, "Mvua ya kwanza haihesabiwi kwa siku, mwanangu. Inahesabiwa kwa ulimi." Yaani unakinga maji ya kiwiko kiganjani, unaonja. Salfa ina uchungu unaokwaruza nyuma ya ulimi. Uchungu ukiwepo, hata ikiwa mvua ya tano, bado ni ya kwanza.

Kufikicha macho kule, nilidhani ni vumbi. Mwaka uliofuata baba alianza kukata nje ya mstari. Akawa anapapasa mkunjo badala ya kuutazama. Siku moja akanisalimia kwa jina la mama. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na akaambiwa aende Ndanda akatolewe.

Baba mdogo akapanda kutoka Masasi kuja kutuona. Ni mdogo wake baba wa tumbo moja, anauza spea za bodaboda, mcheshi, anaongea kwa mikono. Banda ni la kwao wawili, aliwaachia babu uwanja. Alikunywa chai, akasafisha koo.

"Kaka, tuambiane ukweli. Macho yamechoka. Magata ya plastiki nayo yanakuja. Nipe banda niweke spea, wewe utakaa kwenye kiti, kazi yako kusalimiwa."

"Na huyu?" Baba alinionyesha kwa kidevu.

Baba mdogo akanitazama kwa huruma, na mimi huruma ndiyo inayoniumiza kuliko matusi. "Huyu mama yangu nampenda. Lakini kaka, nani atampandisha Fundi Salfa kwenye paa lake?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nililishika vizuri lisianguke.

Baba akafumba macho kama anasikiliza kikombe. Kisha akasema, "Gata la mama kule Chilangala limeoza. Bati lake nimeshalikata, sijalifunga. Atalifunga huyu. Kisima cha mama kikijaa maji ya kunywa, banda linabaki la bati. Kikiharibika, leta spea zako, sitasema kitu."

"Kisima cha mama yetu ndiyo mtihani?" Baba mdogo aliruka. "Si umpe choo cha mtu aanzie!"

"Ukimpima kwa choo utapata fundi wa choo."

Wote tukacheka, hata mimi. Ila usingizi wangu ulipungua tangu siku hiyo. Maana bibi hawezi tena kwenda kuchota popote. Kisima kile ndicho mwaka wake mzima, kunywa, kupika, na kutawadha.

Baba na mama wakaenda Ndanda. Mimi nikapakia bati kwenye bodaboda, nikaenda Chilangala kwa bibi, ngazi nikaazima kulekule.

Nilifanya kazi siku tatu. Bibi alikaa chini akibangua korosho na kutoa maelekezo ambayo hayakuhusu gata: nivae kilemba, nile, mbona sijaolewa. Nyuma ya nyumba, juu ya banda la kuku, kipande cha gata la kwanza la babu bado kipo, la madebe, kimejaa kutu. Maji yake ni ya kuku mpaka leo. Nikichoka nilikuwa nakwenda kukitazama kile kiungo kilichomwogesha mkwe.

Siku ya tatu mchana nikapanda na kikombe. Nikamimina. Shrrrr, vizuri, halafu kimya, halafu tok. Tok. Kimya kikaonekana kirefu. Au ni hofu yangu? Nikamimina tena. Sikuwa na hakika. Nikampigia mama.

"Baba ameamka?"

"Ameamka, jicho moja limefungwa kitambaa, analalamika uji hauna sukari. Nimpe?"

"Mpe. Mwambie asikilize tu, asiseme."

Nikaweka simu mwisho wa gata, nikarudi upande wa juu, nikamimina kikombe kizima. Nikateremka mbio kuichukua.

"Umesikia?"

"Ngoja," baba akasema. Nilisikia sauti za wodini nyuma yake, mtu anakohoa, kitanda kinasukumwa. "Yanakwenda vizuri, halafu yanapumzika. Karibu na mwisho. Hapo umeinua."

"Wapi hasa?"

"Kibano cha pili kutoka kwenye kiwiko. Shusha nusu kidole."

Nikakilegeza kile chuma kinachoshikilia gata, nikashusha nusu kidole. Nikamimina. Maji hayakupumzika popote. Simu ikacheka mkononi mwangu, ni baba.

"Enhe. Sasa usinipigie tena mpaka unywe."

Mvua ilikuja siku mbili baadaye, alasiri. Si manyunyu. Ilikuja na upepo, ikapiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa kupiga kelele. Kiwiko kilikuwa kimetazama nje. Maji yakatoka mazito kama mkono wa mtu, ya njano, kisha ya kijivu, yakachimba shimo uani na kukimbilia barabarani.

Bibi alitoka na kanga kichwani. Kisima chake kilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu, labda ndoo kumi za mwisho.

"Geuza!" akaniambia.

"Bado, bibi."

"Imeshaosha. Angalia, meupe hayo. Geuza mwanangu, maji yanapotea!"

Nikakinga kiganja, nikaonja. Yalionekana meupe kweli. Lakini yalinikwaruza nyuma ya ulimi, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Nikatema.

"Bado."

Bibi alikishika kiwiko kwa mikono yake miwili. Nami nikakishika. Tulisimama hivyo kwenye mvua, bibi na mjukuu, tumeng'ang'ania bomba. Sikuwahi kumkatalia kitu maishani. Akanitazama, mvua inamtiririka usoni, nikaona analia.

"Wewe hujawahi kushuka kule chini," akasema. "Hujui. Ningeyapata haya nikiwa na umri wako, ningeyalamba kwenye mchanga."

"Najua kwamba sijui, bibi," nikamjibu, na nikaanza kulia na mimi. Lakini mkono sikuutoa.

Mvua ikakatika ghafla, bado ulimi una uchungu. Bibi akaingia ndani. Jioni baba mdogo akapiga simu, sijui nani alimpasha. "Nasikia umemkatalia mama maji! Fundi Salfa, mwaka juzi uliyaingiza ukakosea, mwaka huu umeyatoa. Utapatia lini?"

Nikakata simu. Siku nne jua likawaka kama halijawahi kusikia habari ya mvua. Kila asubuhi bibi alishusha ndoo kisimani, na kila asubuhi nilisikia ndoo inakwaruza sakafu ya saruji. Alinisalimia, alinipa chakula, ila hadithi hakunisimulia. Ningependa anitukane.

Yaliyokuja baadaye nitayasema haraka. Baba alirudi na jicho lake moja linaona, la pili likasubiri zamu. Kabla hajaenda nyumbani alipitia Chilangala, akashusha ndoo mwenyewe, akanywa kikombe, akaongeza kingine, funda la mwisho akawapa kuku. Akampigia ndugu yake, akamwambia, "Spea zako zitafutie mahali, banda lina fundi." Baba mdogo akacheka akasema basi amtengenezee gata la duka lake, Fundi Salfa huyohuyo, na awe mwangalifu asilishe wateja kiberiti. Hilo gata nimelifunga. Jirani wa maandazi bado ananiita vilevile, na mimi bado naitika.

Lakini ninapoikumbuka kazi yangu huwa sianzii hapo. Huanzia asubuhi ya siku ya tano.

Bibi alikuwa ameondoka na ndoo yake ndogo kwenda kwa mwenzake kuomba maji ya kupikia. Ndoo ya kuomba, mwanamke mwenye kisima! Nilikuwa nafagia uani, na wingu lilikuwa la kawaida tu, halikutisha. Tone la kwanza lilinipiga mguuni. Nikaacha fagio palepale. Mvua ikaja polepole, ikatulia, ikawa ya kunyesha kweli, ile isiyo na haraka. Gata likaanza kuongea. Shrrrr.

Nikasimama kwenye kiwiko, nikakinga kiganja. Uchungu, mdogo mno. Nikatema. Hapakuwa na wa kuniambia geuza wala wa kuniambia ngoja. Simu ilikuwa ndani. Nikahesabu pumzi zangu, nikakinga tena. Nikayaviringisha mdomoni, nikayapeleka nyuma kabisa ya ulimi, nikangoja kule kukwaruza. Kulikuwa na ladha ya bati na ya baridi. Nikakinga mara ya tatu, nikanywa yote.

Kisha nikakishika kiwiko kwa mikono miwili, nikakigeuza ndani.